Nyama Aliyoitema Bibi Yako

Mwanangu Salma,

Nakuandikia nikiwa dukani Kizota, alasiri hii, mlango nimeufunga nusu. Nyumbani hakukaliki. Shangazi zako wamejaa hadi uani, wewe umeshikwa mikono na miguu unapakwa hina, na mimi kila nikipata pa kukaa naambiwa, "Baba, pisha kidogo." Nikaaga kwamba nakuja kupokea dawa mpya. Uongo huo. Hakuna dawa iliyoletwa leo. Nimekuja kuandika jambo ambalo kwa mdomo limenishinda miaka minane.

Namna ya kuishi na mume sitaigusa. Wanawake wamekufunda wiki nzima, na mengine yalinifikia kupitia dirisha nikakimbia mwenyewe. Mimi nina neno moja tu, nalo linamhusu mama yangu, Bibi yako, ambaye juzi ulisema asiingie kwenye gari la kwanza la kukusindikiza kwa mumeo kesho. Ulisema kwa adabu: "Baba, Bibi abaki tu nyumbani, safari ya Gulwe itamchosha." Sote pale tulijua kwamba si suala la uchovu. Nikakujibu, "Sawa." Tangu nilipotamka hiyo sawa, chakula hakinipiti vizuri.

Wewe unachojua ni kwamba Bibi alitema nyama ya ukoo wa mama yako mbele ya wenyewe, kwa dharau, na kwamba muda si mrefu akapofuka. Alitema, ni kweli. Hayo mengine uliyoyaamini ni kosa langu, na leo nataka uyajue yote hata kama kesho utanipa mkono wa kwaheri huku umegeuza uso.

Lazima nianzie mbali kidogo. Nilipomchumbia mama yako, Bibi alikataa. Alitaka nioe msichana wa kwetu milimani Kondoa, anayejua lugha yetu na dini yetu, si Mgogo wa Kongwa ambaye nusu ya ndugu zake wanakwenda kanisani. Alinuna mwaka mzima. Kisha akakubali, na ulipozaliwa wewe alikubeba mgongoni mpaka majirani wakadhani wewe ni kitinda mimba wake. Babu yako alipofariki akahamia kwetu, na yeye na mama yako walikuwa wanacheka jikoni hadi naona wivu. Lakini mimi ule mwaka wa kununa sikuusahau. Nilikaa macho miaka yote, nasubiri urudi. Mtu anayesubiri kitu hivyo, siku moja hukiona hata kama hakipo.

Ulikuwa kidato cha tatu, bwenini kule Kongwa. Ilianza wakati wa kipupwe. Kila Alhamisi jioni mama yako alikuwa akimchana Bibi nywele, akimpaka mafuta na kumsuka. Alhamisi moja Bibi akasema, "Acha leo, mwanangu, kichwa hakitaki mkono." Iliyofuata akasema vilevile. Halafu ule mtandio mzito, zawadi ya Iddi kutoka kwa mama yako, akaacha kuuvaa, akawa anajitupia khanga kuukuu iliyolainika, bila kuifunga. Asubuhi hatoki chumbani mpaka jua liwe juu, na mama yako anampa shikamoo kupitia pazia la mlango. Mimi nikajumlisha. Nikasema moyoni, Mama ameanza yale yale.

Kumbe ngozi ya kichwa ilikuwa inamuuma hata akilalia mto. Kumbe mabega na nyonga vilikuwa vinakakamaa alfajiri, hawezi kuinua mkono akafika sikioni. Hakutangaza. Wewe unamjua, mtu wa kusema "sijambo" huku amekunja uso.

Kichwa alinitajia, tena mara tatu. Alinionyesha mahali penyewe, kwenye panja, mbele ya sikio la kulia. "Panagonga hapa, Rajabu. Sijawahi kuumwa kichwa cha namna hii." Nikampa vidonge vya maumivu. Vilipokwisha nikampa vikali zaidi. Jioni alikuwa na homa kidogo na mwili unapungua, nikampa dawa ya malaria bila hata kumpima, mimi ambaye nawafokea wateja wanaotaka kumeza dawa bila kupima. Nikamwambia, "Hicho ni kichwa cha uzee, Mama." Hakuna kitu kinachoitwa hivyo, Salma. Mtu aliyevuka miaka hamsini akikuambia kichwa kinamuuma namna ambayo hajawahi kuumwa maishani, amekupa habari nzito, na wewe unatakiwa kuinuka. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti kirefu nyuma ya kaunta, najiona daktari.

Mama yako aliona. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi, kwamba aliyeona ni yule niliyedhani namtetea. Jioni moja alinifuata uani akaniambia, "Baba Salma, mama haringi. Mama anaumwa. Nimemgusa hapa panjani akaruka. Mshipa umevimba, mgumu kama kamba."

Nikamjibu, "Mimi niko kwenye dawa miaka ishirini. Wewe una mingapi?"

Akaenda kuanua nguo.

Baada ya mavuno wakaja wakwe kutoka Kongwa: mjomba wako mkubwa, wanawake wawili wa ukoo, na mama yako mdogo Neema. Wamekuja na mbuzi wao, nikamchinja mwenyewe, mama yako akapika kutwa nzima. Unajua desturi ya nyumba yetu: mgeni hali mpaka mkubwa wa nyumba atafune. Basi sahani ikawekwa mbele ya Bibi, ile nyama ya mbavu, na watu wote wametulia mikono imeshaoshwa.

Kipande cha kwanza alikula. Cha pili akatafuna polepole, akaacha, akashika shavu. Tukasubiri. Akatafuna tena kidogo, akaacha. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nipeni mchuzi tu."

Nikamwona mjomba wako akitazama mkeka. Damu ikanipanda kichwani kwa aibu, nikasema mbele ya wote, "Mama, kula nyama. Watu wametoka mbali." Nilisema hivyo kwa mama aliyenizaa. Akachukua kipande cha tatu. Alitafuna machozi yakimtoka, halafu akainua pindo la khanga akakitema humo. Neema akaweka sahani chini. Chai hawakuinywa, walisema wanawahi gari.

Walipoondoka nikamfuata Bibi chumbani. Sikukaa. Niliongea nimesimama, kidole juu, kama mwenyekiti wa mtaa. Nikamwambia kama hawezi kumheshimu mke wangu, njia ya Kondoa anaijua.

"Taya linachoka, Rajabu," akasema. "Nikitafuna kidogo linauma. Nikipumzika linaacha. Nikianza tena linauma."

"Linachoka kwa nyama ya Wagogo tu?"

Alinitazama muda mrefu. Wakati huo bado alikuwa na macho yote mawili. Akasema, "Basi niitie mkamwana wangu nimwombe radhi."

Akaomba radhi. Mama yako alipiga magoti akamshika miguu, analia, anasema, "Mama usiniombe, mama hujanikosea kitu." Na mimi nimesimama katikati yao nimeridhika, nimeona nimetenda haki. Nilijiona mume bora Dodoma nzima. Nilikuwa namtetea mama yako dhidi ya mtu ambaye hakuwa amemfanya lolote.

Wiki iliyofuata nikampeleka akang'olewa gego. Lilikuwa zima, hata fundi wa meno aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikasema nina hakika.

Nimesimama kidogo, mteja. Ni mama wa nyumba ya pili, anataka dawa ya kichwa ya mama mkwe wake. Nikamuuliza ana umri gani, kinauma upande upi, akichana nywele anaumia, akitafuna je, macho yanaona sawasawa? Akacheka: "Dokta, mimi nataka vidonge viwili, wewe unataka historia ya ukoo." Kumbe huyo mama mkwe alishinda shambani juani jana, na kichwa chenyewe kinauma kote, si mahali maalumu. Nimempa, nikamwambia kesho kikiendelea ampeleke kituo cha afya. Siku hizi mtaani wananiona mbea. Nimekubali.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Asubuhi moja Bibi alimwambia mama yako kwamba jicho la kulia limeshukiwa na kitu kama pazia, giza tupu, muda wa kumaliza kikombe cha chai, halafu pazia likapanda na akaona tena. Mama yako alinipigia simu hapa dukani. Nikamwambia, "Huo ni mtoto wa jicho. Wakija madaktari wa macho tutampeleka." Nikakata simu, nikaendelea kuhudumia watu.

Mtoto wa jicho hashuki na kupanda, Salma. Hilo nalijua sasa. Jicho linalozimika dakika chache na kuwaka tena kwa mtu mzima linaomba apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, si kesho. Mimi nilimpa siku nne. Siku ya tano aliamka na jicho la kulia limekufa, akawa anapapasa ukuta kwa mkono, na hapo ndipo nilipotafuta gari.

Daktari alikuwa dada mdogo, nikimkumbuka sasa namwona kama rika lako. Alimuuliza Bibi yale yale niliyomuuliza mteja sasa hivi, na kila dalili Bibi akajibu anayo. Aliweka vidole viwili panjani, akatoka akakimbia. Alikimbia kweli, viatu vinapiga sakafu. Dawa ilianza kabla ya majibu ya damu, na kile kipande cha mshipa walichokata kukipima walikichukua baadaye. Akatueleza kwamba kuta za mishipa ya damu ya kichwani zilikuwa zimevimba kwa ndani, damu inapita kwa shida. Ndiyo maana taya lilikuwa linachoka, kwani halikupata damu ya kutosha kazi ya kutafuna. Na jicho likikosa damu, linakufa. Alisema kwa watu wetu ugonjwa huu ni nadra, kwa hiyo hata wataalamu wengi hawaufikirii. Aliona uso wangu, nadhani alitaka kunipunguzia. Kisha akasema, "Lililokwisha haturudishi, mzee. Tunapigania la pili."

Dawa aliyompa niliijua kabla hajaitaja mara ya pili. Ilikuwa kwenye rafu yangu, nawapa wenye cheti cha daktari. Sisemi kwamba ningempa mwenyewe, ile si dawa ya kubahatisha, na wewe usije ukajaribu. Nasema tu kwamba dawa ilikuwa karibu na mimi kuliko soda, na aliyekosekana ni mtu wa kumsikiliza mwanamke akisema taya linachoka.

La pili nalo halikupona sawasawa. Lilififia siku ya pili wodini likabaki hapo. Anaona mwanga wa mlango, na mtu akipita anaona kivuli.

Daktari aliuliza, kalamu mkononi, "Kuna mtu nyumbani aliziona dalili hizi mapema?" Mama yako akainamisha kichwa, ananisubiri. Bibi amelala pale, anasikia. Nikasema, "Hapana, daktari. Imeanza ghafla." Daktari akaandika. Mpaka leo kwenye faili lake imeandikwa uongo wangu.

Halafu ukapiga simu wewe. Neema alikuja kukutembelea shuleni siku ya wazazi akakusimulia habari ya nyama, kama alivyoiona, na mtu aliyeona vile hana lawama. Ulikuwa unatumia simu ya matroni. "Baba, ni kweli Bibi alitema nyama ya ukoo wa mama mbele yao?"

Nikasema, "Ni kweli."

Ukasema, "Basi Mungu amemlipa."

Ulikuwa na miaka kumi na sita na ulikuwa unampenda mama yako. Palepale ningeweza kusema. Ilihitajika sentensi moja: Bibi alikuwa anaumwa na mimi ndiye niliyekataa kuona. Nikasema, "Usiseme hivyo," kisha nikakuuliza kama sabuni ipo. Sabuni, Salma! Na likizo ulipokuja ukampa Bibi shikamoo ukiwa unatembea, nikaona, nikanyamaza. Ukakua na jambo hilo. Mama yako alinisihi mara nyingi, nikamwambia nitasema. Akaniambia, "Ni lako la kusema, mimi sitakusemea," na hakusema. Nilikuwa naona nafuu wewe umkasirikie Bibi. Hiyo ndiyo aibu yenyewe. Kukosea dalili ni jambo moja, hata wasomi hukosea. Kumwacha mtu kipofu abebe kosa la aliyemwacha akapofuka, hilo sina jina lake.

Kesho unakwenda kukaa nyumba moja na mama mkwe wako, mama aliyevuka sitini. Sijui atakuwaje. Pengine atakukubali, pengine atanuna mwaka mzima kama wangu. Lakini siku akisukuma sahani uliyoipika, au akikataa mkono wako kichwani mwake, nakuomba uanze kwa kumuuliza anaumwa wapi. Ukikuta hakuna panapouma, basi mnuniane, mna haki yenu. Na Hamisi wako akianza kukutetea kwa sauti kubwa mbele ya watu, mvute pembeni. Sisi waume tuna kiherehere cha kuonyesha tuko upande gani. Mwambie kwanza akamwangalie mama yake.

* * *

Nimerudi nyumbani na karatasi hizi mfukoni. Nilitaka nikupe moja kwa moja, nikaona si haki kumwandika mtu kurasa zote hizi pasipo yeye kusikia. Nikaingia chumbani kwa Bibi nikafunga mlango, nikamsomea yote, tangu mwanzo. Alikuwa amekaa kitandani, tasbihi mkononi. Nilipofika pale kwa daktari nikashusha karatasi. Akasema, "Soma." Nikasoma.

Nilipomaliza akasema, "Nilijua hukumwambia."

"Ulijuaje, Mama?"

"Mtoto nimemlea mgongoni. Akinipa shikamoo nasikia imetokea wapi."

Nikamuuliza kwa nini hakukwambia mwenyewe, miaka yote hiyo mko nyumba moja. Akashangaa, Salma. Alishangaa kweli kwamba naweza kuuliza swali kama hilo.

"Ningemwambia nini? Kwamba ni baba yake? Bado alikuwa anasoma, wewe ndiye unamlea, kila kitu anakutazama wewe. Mimi nilikuwa nakusitiri, Rajabu. Nikasema, akinichukia mimi, bado ana baba wa kumwendea."

Nina miaka hamsini na tisa, na nililia mbele ya mama yangu mpaka akanyoosha mkono akautafuta uso wangu hewani, akaukosa mara ya kwanza.

Kisha akasema, "Sasa anakwenda kwake, ana mtu wake. Mpe hiyo barua." Nikamuuliza kama nikuombe umruhusu kwenye gari kesho. Akakataa. Akasema, "Usimwombe mtoto kitu. Mwache aje mwenyewe, au asije."

Kwa hiyo sikuombi. Nimekuwekea barua hii mkononi, sitakuuliza umeisoma saa ngapi. Bibi yuko chumbani, anajua umeshaipata, na ameniambia nisimfungie mlango.

Ni mimi, baba uliyekuwa unamwendea,
Rajabu